Bibi ya Soda Anakunywa wa Mwisho

Sifa mwanangu,

Uko kwa Mama Zaina unasukwa, na kwa namna yule mama anavyopenda maneno, hautarudi kabla ya jua kwenda chini. Nimekaa juu ya sanduku lako kwa sababu kiti kizuri nimekwisha kukifunga pamoja na vitu vyako. Nitaandika mpaka wino uishe au wewe urudi. Barua hii naiweka ndani ya kikwembe chako cha bluu, kile utakachovaa kesho, ili uione asubuhi. Isome yote kabla ya kupanda mashua. Nimesema kabla ya kupanda, Sifa, si mkiwa katikati ya ziwa.

Sitakuandikia habari za kupika. Sombe unajua, na bukari unaisonga kunishinda. Habari za bwana na bibi, dada zangu wamekwisha kukuambia, mlicheka mpaka mimi nikatoka nje kwa haya. Nataka kukuambia habari ya galoni, ile alama ya cheo anayoshonewa askari begani. Utasema, mama naye! Galoni ni ya bwana yangu Kisimba, mimi inanihusu nini? Njo hapo nilipoanguka mimi. Nilidhani galoni ikishonwa kwenye bega la bwana, imeshonwa na kwenye bega la bibi.

Kesho wewe unapanda Kirungu kukaa na mama mkwe wako, na Kisimba anarudi kambini Kamina peke yake. Mtaa mzima wanauliza ni arusi gani hii, bibi huku, bwana kule. Wacha waulize. Kaporali wa leo mshahara wake haufiki, na ukifika haununui mfuko wa unga. Anaona heri akuweke kwenye shamba la mama yake upate kula. Zamani haikuwa hivi.

Babu yako, papa yangu, alikuwa sajenti wakati wa Wabelgiji. Nywele zilianza kuwa nyeupe ndipo alipoipata galoni ile, na juu yake hapakuwa na ngazi nyingi kwa mtu mweusi. Kuanzia pale ni Wazungu mpaka mbinguni. Alipokuwa soda, askari asiye na galoni hata moja, walimlaza chini mbele ya bendera na kumpiga kiboko matako wazi, mama yangu akiangalia. Kwa hiyo usidhani nasifu siku zile. Lakini kila Jumamosi posho iligawiwa, na haikuwekwa mkononi mwa papa. Karani alitoa meza nje, akaita mabibi kwa majina yao wenyewe. Mama yangu anasikia "Mwange!", anapita na kitunga chake, anapewa unga, chumvi, mawese na samaki mkavu. Papa aliweza kunywa mshahara wote mpaka chupa ya mwisho, sisi tulikula.

Uhuru ulipokuja masoda walichafuka. Walivunja milango, wakapiga wakubwa wao Wazungu mpaka damu ikajaa kwenye ngazi za biro walimofanyia kazi. Ili watulie, wote wakapandishwa galoni moja kwa siku moja. Fundi wa cherehani pale sokoni alishona mpaka uzi mwekundu ukamwishia. Papa yangu alikaa mlangoni na galoni yake mpya, akasema, "Kama kila mutu amepanda, nani amepanda?" Walimpasua kichwa na chupa kwa neno lile. Na posho nayo ikakatwa. Wakasema sasa itakuwa pesa, itaingia ndani ya mshahara, bwana atapokea yote. Toka mwezi ule hakuna karani aliyeita tena jina la mwanamke kambini.

Mimi niliolewa kambini, wakati wa Zaire. Mshahara ulitoka Kinshasa kwa ndege, na ukiteremka hapa kila mkubwa aliuonja kwanza: kolonel, komanda, ajuda, sajenti. Soda alipata harufu. Galoni zenyewe zilianza kuwa na bei. Papa yako alikuwa soda miaka minne. Ukaporali aliupata kwa jasho, nampa haki yake, lakini usajenti aliupata kwa mbuzi wawili na kasiye nne za bia. Mbuzi mmoja alikuwa wa mama yangu. Masoda walikuwa na neno lao, kwamba raia ni shamba la soda. Kisicholipwa na Kinshasa wanakivuna kwa wavuvi na kwa wamama wa soko. Mimi nililisikia neno lile nikacheka, kwa sababu nilikula mavuno yake.

Sasa nakuja kwa robine.

Kambini palikuwa na robine moja kwa mabibi wote. Maji yalitoka asubuhi, muda mfupi tu, kisha yanakauka. Aliyekosa anashuka mpaka ziwani na kupanda tena ile njia ya mawe na ndoo kichwani. Na tulichota kwa galoni. Kwanza bibi za maajuda, halafu bibi za masajenti, halafu bibi za makaporali, na bibi ya soda ni wa mwisho, akikuta kitu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kila mtu aliijua. Mbele ya mstari alisimama bibi mmoja wa sajenti, ameshika mshipi wa bwana wake, ule mpana wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Ukijaribu kupita mbele, unapigwa.

Nilikaa nyuma ya mstari ule miaka, Sifa. Nilishuka ziwani na mimba yako ya miezi minane. Nilipigwa mara mbili mgongoni. Ungefikiri mtu kama huyo akifika mbele atakumbuka. Wapi! Siku papa yako alipopata usajenti nilioga, nikavaa kikwembe kipya, nikaenda kuomba zamu ya kusimama mbele na mshipi.

Ilikuwa mwezi wa tatu bila mshahara. Jumapili jioni nilimuuliza papa yako kesho tutakula nini. Nilimuuliza vizuri, hata sikupandisha sauti. Aliuvua mshipi akanipiga nao usoni, upande wa kifungo. Lile pengo langu la mbele, ulilokuwa unalitia kidole ukiwa mdogo na kucheka, njo hilo. Nilikuambia nilianguka. Sikuanguka.

Asubuhi alikwenda kazini akauacha mshipi juu ya kitanda. Nikauchukua, nikakufunga mgongoni, nikaenda robineni na mdomo umevimba. Mabibi wote waliona, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nusu yao walikuwa wamevimba mahali fulani. Palikuwa na mwanamke mmoja mgeni, amekuja kutoka Kirungu mwezi ule. Tulimwita bibi ya Kalunga, kwa jina la bwana wake, soda wa kikosi cha papa yako. Aliweka bidoni yake chini ya robine, mbele ya yangu.

Nikamwambia aitoe.

"Mama, unisamehe," akasema. "Niko na mimba, na tumbo imeniuma usiku muzima. Kushuka kule ziwani sitaweza. Bidoni moja tu."

"Bwana yako iko na galoni ngapi?"

"Hana, mama. Ni soda."

"Basi na mimba yako haina galoni."

Wanawake walicheka. Sifa, nakuambia kweli ya Mungu, kile kicheko kilikuwa kitamu. Tangu niolewe sikuwa nimesikia watu wakicheka upande wangu. Mwanamke yule hakuitoa bidoni, aliinama tu na kuishika kwa mikono miwili. Nikampiga. Pigo la kwanza kifungo kilimpasua juu ya jicho, nyusi ikagawanyika. Alianguka kwa magoti na bado ameshika ile bidoni. Nikampiga mgongoni, nikampiga mabegani, na alipogeuka kujikinga nikampiga teke. Unajua nilimpiga wapi. Damu iliingia kwenye maji na maji yakaendelea kutoka, na mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Munapoteza maji!" Njo kitu pekee mtu alichosema.

Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, una miezi minne. Kila nilipoinua mkono ulirushwa juu, na ulicheka. Ulidhani tunacheza. Mpaka leo ukicheka kwa sauti mimi nageuka kuangalia nyuma, na wewe unaniambia, mama una woga gani? Huo njo woga wangu.

Siku ya tatu soda Kalunga alikuja mlangoni kwetu. Alikuwa amepiga nguo pasi, kofia kichwani, viatu vimepakwa rangi. Kwa jeshi, soda mwenye neno analipeleka kwa sajenti wake, hawezi kuruka. Sajenti wake alikuwa papa yako. Basi yule mtu alisimama wima mbele ya nyumba yangu, akapiga saluti, akasema, "Sajenti, bibi yangu amepoteza mimba."

Papa yako alikuwa anakula. Hakuinuka. Akasema, "Nani amekupa ruhusa ya kusema?"

Akamtia kasho siku nne. Huko walimpiga usiku na mchana, wakamvunja vidole viwili vya mkono wa kuume, kwa sababu alikuja kumshitaki bibi ya sajenti. Alipotoka, yeye na bibi yake walitoroka kambi, wakarudi milimani. Mimi nilisikia habari ya mimba nikiwa jikoni. Nikasema, "Atapata ingine." Nikaendelea kukaanga ndagala.

Niliyaandika hayo maneno mawili, nikasimama, nikazunguka nyumba, nikarudi. Ndiyo, niliyasema. Ni mdomo huu huu.

Na papa yako. Umeambiwa siku zote kwamba alikufa kwa ajali ya kamyo. Hapana, mama. Mwaka uliofuata mshahara ulifika baada ya miezi mitano, nao ulikuwa wa mwezi mmoja. Wakubwa walikuwa wameuma, papa yako naye akauma kipande chake, kisha akakaa mezani kuwagawia masoda kilichobaki. Walimtoa pale mezani kwa nywele. Walimpiga na mabenchi. Walikata galoni zake kwa kisu cha bunduki, na nyama ya bega ikatoka nazo. Walimleta kwenye mlango, wakamwacha pale alipokuwa amesimama Kalunga. Alikaa siku nane bila kusema, mara anakoroma, mara anakamata mkono wangu kwa nguvu, na mimi nilimpenda, Sifa, nilimpenda hata na meno yangu yaliyovunjika. Alipokufa walinipa wiki moja kutoka kambini. Asubuhi ya mwisho nilikwenda robineni, na msichana wa juzi tu, bibi ya sajenti mpya, akaniuliza, "Bwana yako iko na galoni ngapi?" Nikashuka ziwani.

Miaka ikapita, tukahamia mtaa huu, nikauza ndagala, ukakua. Kisimba alipokuja kukuuliza nilifurahi. Kaporali, ndiyo, lakini mpole, na aliniambia papa yake amekufa na mama yake analima Kirungu. Nikasema watu wa Kirungu ni watu wa kanisa, watu wa jembe, mtoto wangu hatalala njaa.

Unakumbuka siku walipoleta mahari. Wajomba wamekaa upande huu, wageni wanaingia mmoja mmoja, na mimi natoka na sahani ya maji ya kunywa, kama desturi. Yeye, mama ya Kisimba, aliingia wa mwisho. Sura sikuijua, amezeeka. Nilichojua kwanza ni ile nyusi ya kushoto iliyogawanyika, na katikati hakuna nywele. Nikampa kikombe. Hakukipokea.

"Wape wengine kwanza," akasema. "Bibi ya soda anakunywa wa mwisho."

Watu wote walicheka, mjomba wako akasema, tazama mama mwenye adabu. Wewe pia ulicheka. Nikazunguka na maji, mtu kwa mtu, nikamlowesha mzee mmoja magoti. Alipokunywa alinirudishia kikombe na kusema kwa sauti ndogo, "Aksanti, bibi ya sajenti."

Ningeweza kusimama pale na kusema. Badala yake nilipokea mbuzi, nilipokea jembe na vikwembe, nilicheza mpaka mgongo ukauma, na ndani nilikuwa nawaza kitu kimoja: nimemtoa mtoto wangu kwa mwanamke niliyemuulia mtoto. Bwana atakuwa Kamina. Mtakuwa wawili tu katika nyumba ile, juu ya mlima, na hakuna atakayesikia.

Wiki tatu sikulala vizuri. Halafu nilikuambia nakwenda Zongwe kununua ndagala. Zongwe nilipita tu. Nilishuka Moba, nikapanda Kirungu kwa miguu, na baridi ile, na mshipi wa papa yako ndani ya kitunga. Nilikuwa nao miaka yote hii, usiniulize kwa nini. Nilimkuta peke yake anapukuchua maharagwe. Niliweka mshipi mbele yake, nikapiga magoti, nikasema, "Nipige."

Aliendelea na maharagwe. Kisha akasema, "Nikupige? Nikikupiga utarudi kwako umelipa. Kamata ndoo."

Chemchemi iko chini, njia ni mbaya, utaiona. Alinituma mara nne, mpaka mitungi yote ikajaa. Mara ya nne magoti yalikataa na nikapanda kwa mikono kama mtoto anayetambaa, ndoo naisukuma mbele. Alikuwa amesimama juu anaangalia, hakunisaidia. Nilipofika alikuwa na kisu mkononi. Nikasema basi, ni leo. Lakini alikuwa anakata mshipi. Aliukata vipande viwili, akavipigilia misumari kwenye mlango wa nyumba ya kuku, badala ya bawaba zilizooza. Utauona pale kila asubuhi ukifungulia kuku. Kifungo cha shaba alikitupa chooni.

Nilimuuliza jina lake. Sikuwahi kulijua. Akasema, "Feza." Kisha akaniambia masharti yake, nami nakuandikia kama alivyoyasema.

"Sifa atakuwa mutoto wangu. Atakula kabla ya mimi, mukono wangu hautamugusa. Kisimba hajui kitu, na usimwambie. Akijua ataanza kupiga, na soda akianza kupiga hajui kuacha. Lakini siku Sifa atazaa, wewe usipande huku. Ulininyima kuona mutoto wangu. Wajukuu wako hautawaona katika nyumba hii. Utasikia tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikufe."

Nikakubali. Nilikubali bila kukuuliza, na hilo ni kosa lingine, liongeze juu ya yale. Unajua desturi yetu. Msichana akizaa mara ya kwanza, mama yake anakuja, anachemsha maji, anamkanda, anamfunga tumbo, anamwogesha mtoto. Sitakuja. Utaniita na sitakuja. Watu watasema Nyota ni mama gani huyo, hajui hata njia ya kwenda kwa mtoto wake. Uwaambie miguu inaniuma.

Hii ndiyo sababu nimesema usome kabla ya kupanda. Mashua inaondoka asubuhi. Ukiona neno hili linakushinda, usipande. Rudi hapa na sanduku lako, sitakuuliza kitu. Nitawaita wajomba, nitasimama katikati yao na kusema yote kwa mdomo wangu, na mahari irudi mpaka mbuzi wa mwisho. Ukipanda, upande unajua unakwenda kwa nani. Siku moja Kisimba atapata galoni nyingine, na wanawake watakuachia njia chemchemini. Utajua la kufanya, nisikuambie kila kitu.

Neno moja tu nakuomba. Ukizaa, mtoto akitoka, kabla hawajamweka kifuani kwako, sema apewe Mama Feza kwanza. Amshike yeye kwanza, hata kabla yako. Usimwambie nani amekufundisha.

Nakusikia njiani na Mama Zaina. Unacheka. Naikunja.

Mimi mama yako,
Nyota